Nyoka wa Shaba na Mizimu ya Kwetu

Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango 18, mstari 1 hata 6. Lisomwe pamoja na Hesabu 21, mstari 4 hata 9.



Liko neno ambalo waalimu wetu wengi hukutana nalo, nao hawajui walijibuje. Mkristo ameonwa akitoka mzimuni, au ametuma kuku na ubani kwa mkono wa mwingine. Aitwapo mbele ya wazee wa kanisa, hakani wala haoni haya. Husema, "Hii ni yetu. Injili ililetwa na Wajerumani kwa meli. Mzimu haukuletwa kwa meli. Babu zetu walikuwa nao, wakatuachia. Mwawezaje kunifukuza kwa sababu ya mali ya baba yangu?" Ndipo mwalimu aona kwamba amri ya kwanza, ambayo ameijua kwa moyo tangu utoto wake, haimpi jibu mara moja. Kwa maana hakuulizwa kama jambo lile ni halali. Ameulizwa ni la nani.

Basi twataka kulitazama swali hili kama lilivyo. Tusilikimbie, wala tusilipige kwa fimbo kabla ya kulisikiliza.

Mapango ya Amboni yako mwendo wa kilomita nane hivi toka mjini Tanga, upande wa kaskazini, katika mawe ya chokaa, karibu na mito ya Mkulumuzi na Sigi. Serikali ya Waingereza iliyaweka chini ya ulinzi, na mwaka 1963 yakawa mikononi mwa serikali yetu. Lakini zamani sana kabla ya hayo yalikuwa na wenyewe. Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Washambaa waliyajua, wakaingia humo kwa hofu, wakaweka sadaka zao. Na katika giza lile, mahali paitwapo Mzimu wa Mabavu, mtu huona chupa za marashi, na vitambaa, na mabaki ya ubani. Waendao si watu wa kabila moja wala wa dini moja. Huenda mwanamke asiyepata mtoto. Huenda mwenye ugonjwa uliowashinda waganga wa kila namna. Watalii nao hupita na taa zao, wakaonyeshwa zile chupa, wakaenda zao.

Mtu ayaonaye haya akasema ni upuzi mtupu, huyo hajatazama. Mama hasafiri siku mbili na hirizi ya mtoto aliyekufa kifuani mwake kwa ajili ya upuzi. Huenda kwa sababu ameumia, na kwa sababu mahali pale pana wazee wake, na kwao yeye si mgeni. Wadigo huwaita koma wale waliokufa ambao bado wawaangalia watoto wao. Washambaa na Wabondei wana matambiko yao ya namna hiyo. Jambo hili lina mizizi, nayo ni mirefu. Mwalimu asiyejua hayo atasema maneno mengi, wala hakuna atakayemsikia.

Sasa tumtazame yule nyoka.

Jangwani watu waliumwa na nyoka wa moto, wakafa wengi. Mungu akamwambia Musa afanye nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama atapona. Ikawa hivyo. Kitu kile hakikutoka Kanaani wala Misri. Hakikuletwa na mke wa kigeni wa mfalme ye yote. Kilitengenezwa na Musa mwenyewe, kwa agizo la Mungu mwenyewe, na wako watu waliotembea kwa miguu yao kwa sababu walikitazama. Waisraeli wakakitunza miaka mamia. Je, katika dunia yote yuko mtu aliyeweza kusema "hii ni yetu" kwa haki kubwa kuliko wao?

Lakini siku moja mtu fulani, ambaye jina lake halikuandikwa, aliwasha ubani mbele yake. Hatudhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Labda mtoto wake alikuwa mgonjwa. Alijua ya kuwa babu zake waliponywa na kitu kile, akaona hapana ubaya kukiheshimu. Na mwanawe akafanya vivyo hivyo, na mjukuu wake pia, hata jambo likawa desturi, na mwisho ikawa hakuna aliyekumbuka wakati ambao haukuwapo ubani. Ndipo akaja Hezekia, akamvunja nyoka vipande vipande, akamwita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu.

Basi tujifunze hapa kwamba kitu kuwa cha kwetu, na kuwa cha kale, na hata kuwa kilitusaidia zamani, hayo yote hayakifanyi kiwe cha kuombwa. Kama ukale ungetosha, yule nyoka angalisimama hata leo hekaluni. Hilo ni rahisi kusema, na wahubiri wengi wamelisema. Lakini mara nyingi wahubiri hao hulipita jambo jingine lililo katika mstari ule ule: ni nani aliyemvunja? Hakuwa Mwashuru. Hakuwa Mbabeli. Alikuwa mwana wa nyumba ile. Yeye na baba zake ndio wenye hekalu, ndio wenye historia ya jangwani, ndio waliokuwa na haki ya kusema "hii ni yetu". Na kwa sababu ni yao, ilimpasa yeye kuamua.

Someni pia habari za Gideoni katika Waamuzi, mlango 6. Madhabahu ile ya Baali aliyoibomoa usiku ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya baba yake mwenyewe. Mungu hakumtuma kwanza kwenda kubomoa madhabahu ya Wamidiani. Alimtuma nyumbani. Na asubuhi watu wa mji walipotaka kumwua, ni baba yake yule yule aliyesimama kumtetea. Katika vitabu vya historia ya Kanisa husifiwa sana Bonifasi, Mwingereza aliyewaendea Wajerumani wa kale na kuukata mwaloni wao mtakatifu huko Geismar, katika miaka ya 720. Sisi hatumlaumu, kwa kuwa hatukuwapo. Lakini tukiulizwa, twampenda zaidi Gideoni.

Tena, katika mlango ule ule wa 18 wa Wafalme liko jambo la kushangaza. Mfalme wa Ashuru apeleka jeshi kuuzunguka Yerusalemu, na jemadari wake asimama chini ya ukuta, awapigia watu kelele kwa lugha yao wenyewe. Naye awaambia nini? Awauliza kama Mungu wao si yule ambaye Hezekia ameziondoa madhabahu zake. Yaani mgeni huyu, aliyekuja kuwateka, ajifanya mtetezi wa desturi zao za kale! Ndugu, si kila asifuye mizimu yetu ni rafiki yetu.

Twayaona mambo hayo karibu na hapa petu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari toka mdomo wa mto Umba kwenda bara, wala hawakumwuliza Mdigo hata mmoja, na kwa mstari huo shangazi yuko Kenya na mpwa wake yuko Tanzania. Lakini Wadigo ni wamoja, na pamoja na ndugu zao wa upande wa pili, yaani Waduruma, Wagiryama, Warabai na wengineo, huitwa Mijikenda. Hawa Wagiryama, wakaao kaskazini ya Mombasa, wana desturi ya kuchonga nguzo za mbao kwa ajili ya wazee wao wakubwa waliokufa, walio wa chama kiitwacho Gohu. Nguzo hizo huitwa vigango. Kigango kikisha kusimamishwa, hakiondolewi; ni mzee mwenyewe amesimama kati ya watoto wake.

Wakaja watu wapendao vitu vya kale, nao wakavitamani. Vijana wa huko huko wakaving'oa usiku kwa ajili ya fedha, wafanya biashara wakaviuza, navyo vikaenda hata Marekani, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na katika makumbusho kama mapambo. Vigango viwili vilivyoibwa katika mji mmoja wa Kigiryama mwaka 1985 vilionekana huko baada ya miaka mingi, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vilitambuliwa kwa sababu ya picha iliyopigwa kabla ya wizi. Mwaka 2007 watu wa mji ule wakakabidhiwa wazee wao. Na mwaka 2019 makumbusho ya Denver yakarudisha vigango 30 nchini Kenya.

Sisi hatuombi mbele ya kigango, wala hatutawafundisha watoto wetu kuomba hapo. Lakini aliyekiiba alikuwa mwizi, na aliyekinunua akijua alikuwa mshiriki wake, na katika Katekisimo Ndogo amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya mali ya Wakristo peke yake. Twafurahi kabisa kwamba vilirudishwa. Mtu amchukuaye baba wa mwenziwe na kumfanya pambo la sebuleni, akadai kwamba anaheshimu ufundi wa Kiafrika, huyo amekosa zaidi kuliko yule mzee wa Kigiryama amwagaye tembo chini mbele ya nguzo. Kwa maana mzee alijua anasema na nani.

Na misitu ya makaya je? Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiandika misitu ile ya Mijikenda, iliyotapakaa mwendo wa kilomita 200 hivi katika pwani ya Kenya, kuwa urithi wa dunia yote. Na mwaka uliofuata desturi zake nazo zikaandikwa kuwa zahitaji kulindwa upesi. Katika Kaya Kinondo, ambayo ni ya Wadigo, mgeni hulipa ada, hufungwa kaniki nyeusi, akaongozwa chini ya miti. Twashukuru kwa ajili ya miti hiyo. Mahali pengine pwani imekatwa yote. Lakini mtu wa mpakani ajiulize: urithi wa dunia yote ni wa nani? Mzee aliyeogopa kuvunja hata tawi moja, sasa hofu yake yatazamwa na kupigwa picha. Mtalii hamwambii mzee kwamba amekosa, wala hamwambii kwamba ana haki. Hamjibu neno. Sisi twaona kwamba kumheshimu mtu ni pamoja na kumjibu, na mgeni apitaye hawezi kumjibu mzee wa kaya. Awezaye ni mjukuu wake.

Wala si sisi tu wenye swali hili. Katika nchi ya Meksiko kiko kilima kiitwacho Tepeyac, ambacho wenyeji walikuwa wakikiendea kumwabudu mmoja waliyemwita Tonantzin, maana yake mama yetu. Wahispania walipokwisha kuitwaa nchi, husimuliwa kwamba mwaka 1531 Mariamu alimtokea mwenyeji mmoja, Juan Diego, mahali pale pale. Na watu wakaendelea kuja. Mtawa mmoja wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliyejifunza sana lugha na mambo ya wenyeji, aliandika mwaka 1576 kwa masikitiko kwamba watu waja toka mbali kama walivyokuwa wakija zamani, wala haijulikani waja kwa nani. Mwaka 2002 Papa alimtangaza Juan Diego kuwa mtakatifu. Na wako wengine huko ambao watu huwaomba bila ruhusa ya kanisa lo lote, kama Jesús Malverde wa mji wa Culiacán, ambaye husemwa alikuwa mnyang'anyi aliyewagawia maskini, akanyongwa mwaka 1909. Maskini humwendea kwa mishumaa. Ukiwauliza kwa nini, jibu lao twalijua: huyu ni wetu, watakatifu wengine ni wa matajiri.

Jibu hilo latuuma, na litupase kutuuma. Maana lina shtaka ndani yake. Maskini aendaye kwa mnyang'anyi aliyekufa aliona kwamba ndani ya kanisa hakuna ajuaye jina lake.

Na baba yetu Luther mwenyewe alikuwa na mzimu wa kwao, kama twaweza kusema hivyo bila kuwakwaza walimu wetu wa seminari. Baba yake alifanya kazi ya machimbo ya shaba huko Mansfeld, na wachimbaji wa nchi ile walikuwa na mlinzi wao, Anna Mtakatifu, mama yake Mariamu. Tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga karibu naye, naye kijana Luther akaanguka chini. Akamlilia nani? Hakumlilia Kristo. Alimlilia Anna, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Katika hofu ya kufa mtu hukimbilia aliyefundishwa nyumbani. Ikampasa kusoma Maandiko miaka mingi hata alipojua kwamba Kristo hahitaji mtu wa kumlainisha moyo kwa ajili yetu. Akaiacha desturi ile ya nyumba yake. Na hakuna Mwitaliano wala Mfaransa aliyekuja kumng'olea. Aliipima mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa yake.

Basi yule asemaye "Injili ni ya Wajerumani" aambiwe haya pia. Hata Wajerumani waliletewa. Na hapa Tanga wamisionari walifika mwaka 1890, na Mlalo mwaka 1891. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 130. Mababu waliozikwa chini ya msalaba huko Usambara ni mababu pia. Mtu wa leo akisema atafuata njia ya wazee wake, yatupasa kumwuliza kwa upole: wazee wepi? Kwa maana bibi yake bibi yako huenda alibatizwa, akaimba, akafa akimwita Yesu kwa Kishambaa. Je, yeye si wa kwenu?

Sasa twaja kwenye neno lililo gumu kuliko yote, nalo latuhusu sisi wachungaji na waalimu kuliko lamhusu aendaye Amboni. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 21, lafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe, ili tuitie nguvu imani yetu na kufuata mfano wao. Bali wasiombwe, kwa kuwa mwombezi ni mmoja. Sehemu ya pili twaihubiri sana. Ya kwanza je? Waraka kwa Waebrania, mlango 13, watuagiza kuwakumbuka waliotuongoza na kuutazama mwisho wa maisha yao. Yusufu aliwaapisha ndugu zake wamchukue mifupa yake, na Musa akaichukua katika haraka yote ya kutoka Misri. Wafu wa watu wa Mungu hawatupwi. Lakini katika sharika nyingi, mtu akisha kuzikwa na ibada ya matanga ikiisha, jina lake halisikiwi tena kanisani milele. Pengo lile halikai wazi. Mahali ambapo Kanisa halimtaji marehemu, mzimu humtaja.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa kila usharika waandike majina ya waliolala katika Bwana mwaka mzima, na Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, kabla ya Majilio, yasomwe polepole mbele ya watu, na jamaa zao wasimame. Wasiombwe, watajwe, na Mungu ashukuriwe kwa ajili yao. Makaburi yasafishwe na vijana wa kipaimara. Mzee ajuaye habari za Mkristo wa kwanza wa kijiji apewe nafasi kuzisimulia kabla hajafa yeye naye.

Na Mkristo asiende mzimuni na shoka, wala asizipige teke chupa za watu, wala asitengeneze mzaha wa kuwachekesha wenziwe. Aliye na shoka aanze na vitu vya nyumbani mwake. Majirani zetu Waislamu wana mabishano yao juu ya kuzuru makaburi ya masharifu, na mashehe wao hawakubaliani. Tuwaachie wayamalize wenyewe, kama sisi nasi tulivyo na ya kwetu.

Lakini yule mama asiyezaa, aliyerudi toka Amboni jana, tufanye naye nini? Wengi wataka afungiwe Meza ya Bwana siku ile ile. Sisi twasema, asomewe kwanza habari za Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana alikuwa na uchungu ule ule. Alikwenda nyumbani mwa Bwana, na kuhani Eli, aliyekuwa mchungaji kama sisi, alimtazama akadhani amelewa. Karibu amfukuze! Kama Hana angalikuwa mtu wa Tanga, baada ya neno lile la Eli angalikwenda mapangoni, nasi tungaliandika katika daftari kwamba ameanguka. Basi waende kwake mama wawili watu wazima wa usharika, wakae naye, walie naye, wamwombe Mungu pamoja naye kwa jina la Yesu, yule aliyeinuliwa juu ya mti kama nyoka wa jangwani, naye hakuvunjwa mfupa. Wamwambie wazi kwamba ubani ule hauna sikio. Wampeleke hospitali, na mumewe aende pamoja naye akapimwe, kwa kuwa matabibu wamethibitisha ya kwamba mara nyingi kasoro iko kwa mwanamume, na wanawake wengi wametembea hata mizimuni kwa ajili ya ugonjwa usio wao. Na ikiwa baada ya yote hapati mtoto, jina lake litajwe katika maombi ya usharika Jumapili hata Jumapili, na mkwe wake aonywe na wazee asimtukane. Hayo yakisha kufanyika, ndipo wazee wa kanisa wakae na kusema habari za Meza ya Bwana.